Majani ya Kuonyesha Wageni

Jina la Mama Kamba alipewa kwa kejeli. Kila asubuhi alikuwa malishoni akihamisha kamba ya uzio, ng'ombe nyuma yake, na majirani wakishika mbavu kwa kicheko: majani bado yapo, anawahamisha ya nini? Yeye alitia pamba masikioni. Bwana mifugo alimweleza kwamba kipande kikiliwa kiasi kisha kikapumzishwa, mizizi hushamiri na kuhifadhi hewa ya ukaa udongoni. Na ng'ombe wa majani machanga hutoa maziwa kumshinda yule anayetafuna mabua na kupiga mbweu kutwa, gesi ya mbweu hizo ikiongeza joto la dunia.

Mumewe hakuwa na habari na joto la dunia. Alitaka kuuza ng'ombe wote anunue pikipiki. Wakakubaliana: maziwa yasipopanda msimu huu wa mvua, mnunuzi aje.

Yakapanda. Majirani wakanywea, na bwana mifugo akaahidi kuleta wageni wajionee. Hapo kichwa kikamvimba mtoto wa watu! Kipande cha kando ya njia, kilichostawi kuliko vyote, akakifunga kabisa. Hicho cha wageni. Wageni wakaahirisha, wakaahirisha tena. Majani yakatoa maua, mabua yakakomaa, na ng'ombe upande wa pili wakabaki kulamba udongo. Maziwa yakashuka. Mumewe akampigia simu mnunuzi.

Mama mkwe alimkuta Mama Kamba kwenye uzio akiyatazama majani yake.

"Hebu nieleze, mwanangu. Unafuga ng'ombe au unafuga majani?"

Aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Akafungua kamba papo hapo.

Na wageni, kama waliotumwa, wakafika kesho yake. Walikuta mabua yaliyolaliwa na ng'ombe, pamoja na samadi mbichi.

"Mama, yale majani tuliyosifiwa yako wapi?"

Angeweza kusingizia jua. "Niliyaweka mpaka yakazeeka, ili mnisifu," akasema. "Ng'ombe wakakosa. Njooni muone kosa lenyewe, msije mkalirudia."

Mumewe alikuwa nyuma yao, simu mkononi. Akaitia mfukoni.

"Mnunuzi nimemwambia asubiri kwanza," akasema, huku akiinama kuokota ncha ya pili ya kamba. "Haya, leo tunahamia wapi?"