Sindano ya Siku ya Tatu

Tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Natta, bwana mifugo alifika kwetu mara chache, kwa baiskeli. Akaomba kijiji kichague mtu wa kutunza dawa za ng'ombe na kudunga sindano yeye asipokuwepo. Katika darasa la kisomo mimi ndiye niliyesoma bila kukwama, nikachaguliwa. Alinifundisha kuchemsha sindano na kupima dawa. Jambo moja alilirudia kila alipokuja: "Penisilini ni siku tatu. Ukiikatiza kwa kuwa ng'ombe ameanza kula, vijidudu vilivyosalia vitaizoea dawa. Siku nyingine haitamponya ng'ombe yeyote."

Haukupita muda, maksai wa plau wa baba mkwe wangu akavimba mguu kwa jeraha lenye usaha. Nikamdunga. Siku ya pili, baada ya sindano, akala majani vizuri. Baba mkwe akaja na wazee wenzake wawili. Kwetu mke wa mwana hamkazii mkwe wake macho, sembuse kumkatalia.

"Huyu amepona," akasema. "Dawa iliyobaki mpe yule mwekundu, anakohoa."

Nikatazama chini. "Baba, iliyobaki ni ya huyu, ya kesho. Mwekundu atapata yake kamili bwana mifugo akija."

"Ng'ombe ni wangu."

"Ni wako, baba. Dawa ni ya kijiji."

Akaondoka na wazee wenzake. Mume wangu aliposikia aliacha kula, akaniuliza kama najua nilichofanya. Nilijua.

Asubuhi nilikwenda zizini nikitegemea kufukuzwa. Nikamkuta baba mkwe ameshamfunga maksai, anamshikilia pembe mwenyewe, ananisubiri. Nikadunga sindano ya tatu. Mguu ukapona, na yule mwekundu naye alitibiwa bwana mifugo alipokuja.

Baadaye, kwenye mkutano wa kijiji, mtu mmoja akasema dawa zisikae kwa mwanamke, atawapendelea watu wa boma la mumewe. Baba mkwe akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mimi ni mkwe wake," akasema. "Alininyima mbele ya wenzangu. Sasa niambie, atampendelea nani?"

Watu wakacheka, na yule mtu akakaa chini. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nimeinamisha kichwa kama adabu ilivyotaka, ila nilikuwa nikitabasamu.