Vitundu Vinne vya Wifi

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya dada huyu ilikuwa kutunza panya wa maabara ya utafiti. Kila asubuhi alibadilisha maranda kwenye vizimba, akajaza chupa za maji, akawapima uzito mmoja mmoja. Ndugu zake walimwita Daktari wa Panya, wakacheka, naye akacheka nao.

Mwaka mmoja mtafiti mkuu aliwachoma panya sindano za seli za saratani tumboni, kisha nusu yao wakapasuliwa tumbo wazi, nusu wakatobolewa vitundu vya kupitishia kamera na vifaa na kujazwa gesi, kama wapasuliwavyo watu siku hizi. Mtunza panya ndiye aliyewapapasa kila wiki. Wale wa vitundu, wengi waliota vinundu palepale penye makovu. Akaandika daftarini.

Ndipo mke wa kaka yake akakutwa na saratani ya utumbo mpana. Daktari akashauri vitundu. Kaka akaja, akaketi bila kuvua kofia.

"Mdogo wangu, wewe unayaona haya kila siku. Tumbo wazi au vitundu?"

"Kaka, mimi nafagia vizimba tu."

"Usinizungushe. Angekuwa mama, ungenyamaza?"

Akabanwa. Akinyamaza na wifi akazidiwa, wataambiana kwamba alijua. Akisema akakosea, lawama ni zake mpaka kaburini.

"Kwa panya," akasema, "vitundu vilisambaza saratani."

Siku mbili hazikupita, wifi akagoma. Si vitundu tu; kisu chochote hakukitaka.

Mtunza panya akamwendea mtafiti. Mzee yule akaweka kalamu chini.

"Wale tuliwamwagia seli makusudi, zikawa zinaelea tumboni. Kwa mtu, uvimbe unakatwa na kutolewa ndani ya mfuko. Watu wengi wamefuatiliwa kwa miaka, na njia hizo mbili hazikupishana sana. Tena hata kwa panya, kundi la mwisho, alipolishika mpasuaji mzoefu, vinundu vilipungua. Hukuona?"

Aliona. Aliwapapasa mwenyewe. Mbele ya kaka hakulikumbuka.

"Sasa niwaambie nini?"

"Wamsikilize daktari wao."

"Wananisikiliza mimi."

Akaenda. Alimkuta wifi anakunja nguo kitandani.

"Umekuja kupuliza ulipouma?" wifi akamuuliza.

"Nilisema nusu, wifi. Leo nimekuja na nusu iliyobaki."

Akamweleza yote, hata lile la mkono wa mpasuaji. Wifi akakunja shati lilelile mara tatu.

"Siku ya kupasuliwa utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Wakamtoboa vitundu vinne, uvimbe ukatoka, akapona vizuri. Ni miaka mitatu sasa. Lakini mtunza panya kila akienda kumsalimu, wifi humvuta chumbani, akafunga mlango na kupandisha blauzi.

"Papasa."

"Wifi, daktari amekupima juzi tu."

"Daktari hakunipa habari za panya. Ulinipa wewe."

Basi hupapasa, kovu moja baada ya jingine, mwenzake akimtazama usoni. Hajakuta kitu. Siku akikuta, yeye ndiye atakayemwambia, na asipokwenda wiki mbili kaka hupiga simu kusema mkewe hapati usingizi.

Mwaka jana aliomba kuhamia kitengo cha mimea, akakubaliwa. Sasa anamwagilia miche kwenye vikopo. Akamweleza wifi kwamba mambo ya panya ameyaacha, hayajui tena.

"Hongera," wifi akasema, akajilaza kitandani. "Anza na hili la kushoto."