Machipukizi ya Bwawani Pugu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Uhuru, nilifanya kosa kubwa, tena kwa bidii. Nilifika bwawani, chini ya vilima vya Pugu, nikapewa fyekeo nisafishe njia ya ukingoni. Njia nikaimaliza mapema, nikaendelea na vichaka vya pembeni. Kufika saa nane, ukingo wote ulikuwa mweupe.

Bwana Misitu, mtu wa Songea mwenye sauti ya chini, alichuchumaa akaokota kijiti.

"Binti, hiki nini?"

"Kichaka, mzee."

"Huu ni msandarusi. Ulikuwa na miaka mitatu. Nilitegemea mwaka huu unifike kiunoni."

Nilijua nimefukuzwa. Badala yake alikaa chini, akanifundisha. Wachoma mkaa walikuwa wamevimaliza vile vilima, na kila masika udongo ulishuka ukajaa bwawani, ambamo vitongoji vyote vya jirani vilichota maji. Dawa yake ilikuwa kuuacha msitu wenyewe urudi. Kisiki kikitoa machipukizi kumi, unabakiza moja lililonyooka. Hiyo tuliita kupunguzia. Penye upara tulipanda miche ya kitalu, mbegu tukiziokota chini ya mti mama, yaani mti mzima ulionusurika. Kiangazi tulilima mkuza, ukanda mtupu wa kuzuia moto.

Miaka ya Ujamaa ilimkuta Bwana Misitu ameshahamishiwa kusini. Akaja Mkuu wa Kituo mpya, kijana msomi mwenye haraka. Mgeni mkubwa alikuwa anatarajiwa.

"Fyekeni ukingo wote," alisema. "Tunapanda mikaratusi kwa mistari. Kazi ionekane."

Machipukizi yetu yalikuwa yamenipita kichwa.

"Ndugu Mkuu, mie sifyeki."

"Unasemaje?"

"Mikaratusi itakunywa hilo bwawa. Na hii tayari ni miti."

"Nani kakupa cheo cha kunifundisha?"

Kabla sijajibu, Mama Zuhura, Mmatumbi aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, alilaza fyekeo lake chini na kukaa juu ya mpini. Wanawake wengine saba wa kikosi chetu wakakaa.

Wiki ileile nilipata barua ya uhamisho kwenda Keko, kwenye kizuizi cha kukagua mbao. Kwa miaka saba niligonga nyundo ya alama kwenye mbao zilizokatwa kihalali, vumbi la randa likiniingia puani. Nililia mara nyingi, sitaficha. Ila Mama Zuhura alinitumia salamu kwa wauza mihogo: "Mwambieni bado tumekaa." Mkuu alichoka, akapanda mikaratusi yake kando ya barabara tu.

Alipohamishwa, nilirudishwa bwawani. Mama Zuhura alinipokea kwa kunivuta sikio, akanipeleka kuona mti mmoja mmoja. Nilibaki pale mpaka nilipostaafu.

Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Mwaka jana nilikwenda kutembea kule. Mlinzi mgeni akanisimamisha.

"Shikamoo, bibi. Ndani humo usikate hata kijiti."

"Marahaba, mwanangu. Miti hii kapanda nani?"

"Hajapanda mtu, bibi. Hili pori la Mungu, lipo tangu zamani."

Sikumbishia. Niliingia kivulini, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.