Shangazi Aliyeitambua Funga Yangu

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kwa shukrani hadi leo. Nilikuwa msichana nyumbani kwetu Chumbageni, na shangazi yangu Mwanamkuu, aliyekuja kututembelea kutoka Moa, alikuwa akinisuka.

Kabla ya hapo, fundi cherehani aliyetupima sare za harusi alicheka mbele ya wenzangu, akasema kitambaa changu hakitatosha kwa unene wangu. Tangu siku ile nikaanza kufunga sunna. Jumatatu na Alhamisi zikageuka kuwa kila siku. Mama, masikini, alifurahi akidhani nimeshika dini. Magharibi nilionja tende, nikasema nimeshiba.

Shangazi alipopitisha kitana, nywele zilimjaa mkononi. Akaacha kusuka. Akanishika vidole, vilikuwa vya baridi na Tanga nzima inatoka jasho.

"Unafunga kwa ajili ya nani?" aliniuliza.

"Kwa ajili ya Mungu, shangazi."

"Mbona kioo umekigeuzia ukutani? Na baibui huvui hata ukiwa ndani?"

Nikalia. Hakunikaripia. Alinifuta machozi kwa upindo wa leso yake, kisha akamwita mama. "Wifi, mtoto huyu anaumwa. Tusimsifu, tumtibu."

Kesho yake walinipeleka hospitali wote wawili. Sikupona upesi, zilikuwapo siku nilizorudi nyuma. Shangazi aliahirisha safari ya kurudi Moa, akawa anakula nami sahani moja huku akinipigia hadithi za watu wa kwao, wala hakuyatazama matonge yangu. Bila yeye, sijui kama ningekuwa hapa leo na wajukuu wananiamkia shikamoo.

Basi, mwanangu, ukimwona mwenzio anakwepa kula na watu, kila mara ana sababu, anautukana mwili wake, anapungua na kusikia baridi au kizunguzungu, usimsifu kwamba amependeza. Na akiingia msalani kila anapotoka mezani, hiyo nayo ni dalili. Wavulana nao mambo haya yanawapata, na siku hizi picha za kwenye simu zinawadanganya wengi. Mwulize kwa upole, mwambie mtu mzima unayemwamini, apelekwe kwa daktari. Na kama ni wewe, sema. Haya si aibu, ni maradhi, na yanatibika.

Mola akupe mtu wa kukutazama kwa huruma kama nilivyotazamwa mimi, na chakula chako akijaalie kiwe afya na furaha. Amina.