Jina Nililomdai Feza

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kabuta, mwanangu, niliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa nikicheka, kitenge kipya mkononi, na mke wangu hakunyanyuka kunipokea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Feza nilimtoa upande wa Kongo. Hapa alijua Kiswahili tu, na majirani walizungumza Kibemba. Mimba yake ilipofika miezi mitano nilivuka kwenda kununua samaki wakavu kwenye kambi za wavuvi. Nilimwambia siku kumi, nikakaa wiki saba. Mitumbwi ilikuja Kabuta karibu kila siku, na neno moja tu lingetosha: nipo. Sikulituma. Kambini, mwanamume anayemtumia mkewe salamu huchekwa mpaka achoke, nami niliogopa kuchekwa kuliko mawimbi. Wiki ya tatu upepo ulipindua mtumbwi mmoja. Habari ilifika huku bila majina ya waliozama.

Feza alishinda ufukweni. Kila mtumbwi ulipotia nanga alishika tumbo lake akauliza kwa Kiswahili, wakamjibu kwa lugha asiyoielewa. Alikuwa hali wala halali. Hayo niliyasikia kwa wengine, maana yeye hakunisimulia kamwe.

Mtoto wetu Mumba alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno. Kijiko kikianguka alishtuka mwili mzima. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na wenzake walipoanza kukaa, yeye bado tulimwegemeza kwa nguo. Mila ya huku unaijua: mtoto asipotulia, husemwa mama alitoka nje ya ndoa akiwa na mimba, naye hutakiwa ataje mwanamume. Mjinga mimi, nilikaa mbele ya Feza siku tatu nikimdai jina. Yeye alimbembeleza mtoto mgongoni.

Siku ya tatu akaingia Bana Mwansa, yaani Mama Mwansa kwa Kibemba, mkunga aliyemzalisha. Alikuwa mwanamke mkali, na alijua Kiswahili cha sokoni. Hakunisalimu.

"Ile jina uko natafuta, ni ya kwako weye," alisema. "Wiki saba huyu mwanamuke alikuwa anawaza kama ulikufa mu mayi ya ziwa. Mutoto alikuwa mule mule mu tumbo, anasikia roho ya mama yake inakimbia. Sasa umubebe."

Akaniwekea Mumba kifuani. Niliona aibu, mwanangu, nikalia mbele ya wanawake.

Tangu hapo nilimbeba kila siku, nikamwimbia, nikamzoesha sauti yangu. Alichelewa, lakini alikaa, akatembea, na leo anafundisha shule mji wa mbali. Feza alisema amenisamehe, nami namwamini. Ila mpaka anaingia kaburini, hakuniuliza tena hata mara moja nitarudi lini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nimebaki peke yangu katika nyumba hii, nami nimejua kungoja kulivyo.

Nawe, kijana wa jirani yangu, mkeo yuko Mantapala kwenye makazi ya wakimbizi, mimba ya miezi sita, wazazi wake wamebaki Kongo, na kesho unataka kuondoka na baiskeli ya samaki. Nenda, njaa haina heshima. Lakini manesi wa kliniki wanatuambia hofu ya siku nyingi ya mama huenda ikamgusa mtoto tumboni. Si kila mara, na mama hana kosa. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huuoni uzito wake kwa sababu si wewe uliyeubeba. Basi mwambie siku utakayorudi, na ikipita, mtumie neno. Mtafutie mwanamke wa lugha yake akae naye. Mtoto akija na kilio kingi, usiulize jina la mtu. Mpokee, umbebe, mpelekeni kliniki. Wenzako wakikucheka, waache wacheke.

Kila jioni simu yangu hulia mara moja. Ni Mumba, anaandika: Baba, nipo. Sikumfundisha mimi. Mama yake alimfundisha.

Mungu akulindie wawili hao, mwanangu, na mtoto wako azaliwe katika nyumba inayojua ulipo.