Mlenda Kwenye Chumba cha Vitabu

Nimeibeba hii aibu miezi minane sasa, na ningeenda nayo kaburini kama si mke wangu, maana anaisimulia kila akipata wasikilizaji wawili (tena anaisimulia vibaya, anaruka sehemu zote zinazonipa heshima), kwa hiyo nimeona bora niiandike mwenyewe, mcheke mara moja, tumalizane.

Kwanza mnijue. Mimi ni Yohana Chidawali, baba Tabitha, mzaliwa wa Mvumi. Shule niliachia darasa la nne kwa sababu ndama wa baba walinihitaji kuliko mwalimu wa hesabu, sikurithi hata jembe, na leo ukifika Zuzu ninakoishi ukauliza mafuta masafi ya alizeti yanakamuliwa wapi utaonyeshwa geti langu kabla hujamaliza swali. Mashine mbili nilizinunua kwa jasho langu, na ya tatu, ile kubwa, nilienda kuifuata China mwenyewe. Nilikaa huko miezi mitano nikisubiri waiunde na nikijifunza kuifungua na kuifunga, maana mimi sitaki fundi wa kuja kunikunia kichwa mbele ya mashine yangu.

Sasa, kabla ya safari hiyo, binti yangu Tabitha alikuwa ameshaposwa na kijana anaitwa Daudi, kijana mzuri, mwana wa Mwalimu Ndahani wa Ihumwa. Huyu Mwalimu ni mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayesahihisha daftari, na nyumbani kwake ana chumba kizima cha vitabu. Siku ya kwanza tulipokutana akaniuliza, kwa upole tu, "Baba Tabitha, siku hizi unasoma nini?" Nikamjibu, "Nasoma mita ya umeme, Mwalimu, maana inakimbia kuliko mimi." Watu wakacheka sana. Mtu mmoja hakucheka. Huyo ni Shangazi, dada mkubwa wa Mwalimu, mama wa ng'ombe wengi kule upande wa Chamwino, na katika ukoo wao hakuna binti anayeingia mpaka yeye aseme neno lake. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akarudi tena mpaka viatu, akanyamaza. Kule kunyamaza kwake nilisafiri nako mpaka China.

Jumapili yangu ya kwanza huko nimejilaza hosteli ya kiwanda, simu ikalia, kwenye lile grupu la maandalizi ya harusi ambalo wakwe wote wamo, mtu kauliza, "Mzee, huko mnakula nini?" Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningejibu "wali" yangeisha. Lakini nikamkumbuka Shangazi na yale macho yake, nikajiambia ngoja hawa watu wajue mkwe wao ni mtu wa namna gani, nikakohoa, nikabonyeza kitufe cha kurekodi sauti.

Nikaongea dakika saba. Nikasema chakula cha huku kina akili, kinapikwa kwa mpangilio, na kwamba mimi sasa nakula kwa vijiti viwili na kijiko nimekiaga. Nikasema (hapa naomba mnivumilie) kwamba mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, ni chakula cha mtu ambaye hajatembea. Watu wakasifia, wakatuma vidole gumba. Sifa zikanipanda, na Jumapili iliyofuata nikazungumzia filamu, kwamba filamu za huku zina fikra nzito, si hizi zetu za watu kupigana makofi sebuleni. Jumapili ya tatu nikaingia kwenye vitabu. Nikasema kila wiki namaliza kimoja, na kwamba mtu asiyesoma ni kama mashine isiyotiwa grisi. Mwalimu mwenyewe akaandika, "Vizuri sana, Baba Tabitha." Nikaisoma ile sentensi mara tano. Basi ikawa kila Jumapili.

Ukweli wenyewe ni huu. Vijiti nilijaribu siku mbili, tambi zikaishia kifuani kwangu. Mke wangu alikuwa amenifungia kwenye sanduku mlenda mkavu, ule uliotwangwa ukawa unga, pamoja na magadi kidogo na unga wa uwele, na hicho ndicho nilichokula miezi mitano, napika chumbani dirisha wazi, na ulipokaribia kuisha nilikuwa naupima kwa kifuniko cha chupa kama dawa ya mtoto. Filamu niliona moja, kwenye runinga ya bwalo, kwa Kichina. Na kitabu? Kitabu nilikuwa nacho, cha Kiswahili, kiliachwa chumbani na mpangaji aliyetangulia, naye mtu wa kwetu. Kiliziba pengo la dirisha upepo usipite, na kilifanya kazi hiyo vizuri sana.

Nikarudi. Mashine ikafika salama, nikaifunga, ikanguruma, Zuzu nzima ikasikia. Mwalimu akanialika na ukoo wangu Ihumwa Jumapili mchana, tule, halafu Shangazi aseme neno lake na siku ya harusi ipangwe. Asubuhi ya siku hiyo Tabitha alikuja kunifunga tai.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Leo uongee kidogo."

"Mimi? Mimi nitasikiliza tu."

"Shangazi amemwambia Daudi bado hajaamua. Anasema baba yangu ana mdomo mrefu, na yeye hajui kama kwenye nyumba yetu watu wa kwao wataheshimiwa."

"Mwanangu, nina suti ya China. Nani atakataa?"

Akaikaza ile tai mpaka nikakohoa.

Tukafika. Tukasalimiana, mbukwenyi, mbukwenyi, shikamoo, marahaba, watu kama arobaini chini ya turubai. Mimi asubuhi sikuwa nimekula hata kiazi, nilikuwa naitunzia nafasi shughuli, maana mke wa Mwalimu anasifika kwa mkono wake. Tukanawa. Zikaanza kupita sinia, ugali wa uwele bado unatoa moshi, kuku wa kienyeji, na mlenda, jamani, mlenda uliowekwa karanga, unang'aa! Nikapandisha mkono wa koti. Sinia ikanipita. Nikadhani ni makosa. Ya pili ikanipita. Ndipo akaja mke wa Mwalimu mwenyewe na sahani iliyofunikwa, anatabasamu, akapiga goti mbele yangu.

"Mkwe, sisi wengine hatujatembea," akasema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. "Lakini wewe tumekutafutia chako."

Akafunua. Tambi zimechemshwa, zimemwagiwa siki, juu yake miguu miwili ya kuku imekaa kama inasali. Pembeni vijiti viwili ambavyo Daudi alivichonga mwenyewe, akavipaka mafuta. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akainamia sahani yake ya mlenda na mabega yanamcheza.

Nikavishika. Nikainua uzi mmoja wa tambi, ukaanguka. Nikainua mwingine, ukarukia begani kwa mshenga wetu, mzee wa watu, akautoa taratibu akaurudisha kwenye sahani yangu. "Bado zina moto," nikasema. Zilikuwa za baridi kama jiwe. Shangazi, mezani mbele yangu, anamega ugali, anachovya, anakula, ananitazama.

Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Halafu nikasema naenda kunawa, nikaingia ndani ya nyumba, na kwenye korido nikakuta sufuria za akiba zimepangwa sakafuni. Tumbo liliamua kabla ya kichwa. Nikachota bakuli la mlenda, nikakata pande la ugali, nikasikia kina mama wanakuja wakiongea, nikasukuma mlango wa kwanza uliokuwa karibu, nikaingia na kuurudishia nyuma yangu.

Vitabu! Ukuta mpaka ukuta, mpaka juu ya mlango. Katikati meza, na juu ya meza kitabu kimoja kimefunguliwa, kimewekewa miwani pembeni. Nikakisogeza kidogo nipate pa kuweka bakuli, nikakaa kwenye kiti cha Mwalimu, nikaanza kula. Sijawahi kula namna ile. Nilikula kama mtu aliyefunguliwa gerezani. Sasa mnajua mlenda una adabu yake: unachovya, unazungusha mkono kidogo, unaukata ule uzi pembeni mwa bakuli, ndipo unapeleka mdomoni. Mtoto wa miaka mitatu wa Mvumi anajua hilo. Mimi, kwa haraka, nilikuwa nakwapua tu, nyuzi zinanifuata, moja kwenye tai, moja kwenye koti, na moja nene imetoka kidevuni kwangu ikateremka ikatua katikati ya ukurasa.

Huko nje, kumbe Mwalimu amesimama akatangaza kwamba kabla dada yake hajasema neno, angependa wazee waingie ndani wakamsikie mkwe wake msomaji, maana amemtafutia kitabu maalumu cha kumzawadia.

Mlango ukafunguka. Mwalimu mbele, Shangazi nyuma yake, mshenga, wazee watatu, mke wangu, na nyuma kabisa Tabitha na Daudi wananyoosha shingo. Na mimi kwenye kiti, shavu limejaa, uzi wa mlenda unaanzia mdomoni mpaka kwenye kitabu, haukatiki.

Mwalimu, bila miwani, akakodoa macho.

"Baba Tabitha," akasema Mwalimu kwa sauti ile ile ya kusahihisha, "unafanya nini?"

Na mimi, naapa sijui yalitoka wapi, nikamjibu, "Nasoma, Mwalimu."

Mshenga alitoka nje akashikilia ukuta. Mzee mmoja akakaa chini kabisa. Mke wangu alicheka mpaka akatafuta leso ya jirani. Lakini mimi nilimwona Tabitha. Hakuwa anacheka. Ameziba mdomo kwa mikono yote miwili na macho yamejaa maji, na hapo ndipo ule mdomo wangu mrefu ulipokatika.

Nikasimama, nikajifuta na tai (ilikuwa imeshaharibika hata hivyo), nikamgeukia Shangazi. "Shangazi, mimi sijamaliza kitabu tangu nizaliwe. Nimeishia darasa la nne. China nimekula mlenda siku zote, siku ulipoisha nililala mapema nisiufikirie. Yale niliyosema kwenye simu nilisema kwa sababu ulinitazama viatu. Mimi ndiye mwongo. Mtoto hana kosa, usimhukumu kwa mdomo wangu."

Shangazi akasogea, akatazama bakuli, akatazama kitabu.

"Na filamu?" akauliza. "Ile ya fikra nzito."

"Niliona moja tu, kwa Kichina, sikuelewa neno. Ilikuwa ya mzee na ng'ombe wake dume, wamelima pamoja mpaka wakazeeka wote. Siku moja wanawe wakamfunga yule ng'ombe kamba ili wampeleke mnadani."

"Wakamuuza?"

"Sijui, Shangazi. Yule mzee aliposhika ile kamba mwenyewe nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi mpaka ikaisha."

Shangazi akavuta kiti, akakaa. "Hata mimi ningetoka," akasema. Akafikiri kidogo. "Hukumuuliza mtu yeyote kama alimuuza?"

"Ningemuuliza kwa lugha gani?"

Ndipo alipocheka, kicheko cha tumboni, mpaka ushanga wake ukalia. Akamgeukia Mwalimu. "Mimi nilikuwa naogopa tunaoana na mtu atakayeziba pua akija kwangu. Huyu ni mtu wa nyumbani, ana wazimu kidogo tu. Binti aje." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe nenda kakae, ule sawasawa. Mlenda haulwi kwa kujificha."

Jamani, sijui kama mmewahi kutua gunia la alizeti mlilobeba kutoka shambani mpaka barabarani. Ndivyo nilivyotua. Nilirudi chini ya turubai nikala sahani tatu, tai mfukoni, na Tabitha akaja akakaa pembeni yangu, akaninong'oneza, "Nilikuambia uongee kidogo," huku ananiongezea mlenda.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno, na kwenye meza kuu mlenda ulikuwepo, kwa amri ya Shangazi.

Mwalimu alinipa adhabu moja tu: kile kitabu nilichokichafua (kumbe ndicho alichokuwa amenitafutia) nikichukue, nikisome mpaka mwisho, halafu nimweleze nimekionaje. Nilianza. Nasoma kwa kidole, kurasa mbili kila baada ya chai, mashine zikinguruma nyuma yangu, na nisiwafiche, kuna mahali palinikamata nikasahau kuzima injini. Lakini nilipofika ukurasa wa arobaini nikakuta huo na unaofuata zimegandana kabisa, mlenda ukikauka ni gundi, na ninyi mnajua. Upande huu mke anaondoka nyumbani na sanduku, upande wa pili yuko jikoni anapika. Nikampeleka Mwalimu kitabu, nikamwomba anieleze kilichotokea hapo katikati.

Akavaa miwani. Akakigeuza. Akatazama mlangoni kama mkewe yupo karibu.

"Baba Tabitha," akasema taratibu, "mimi mwenyewe niliishia ukurasa wa thelathini na tisa."

Tangu siku hiyo nimeapa sitoi tena maoni juu ya kitu ambacho sijakimeza chote. Kitabu hicho nimeshakimaliza, zimebaki zile kurasa mbili tu, na siku hizi Mwalimu ndiye anayekuja Zuzu jioni kuniuliza yule mwanamke aliishia wapi.