Mvi za Kiwandani

Juzi nilimkuta baba uani akisikiliza mpira redioni. Kichwa chake cheupe pe kilinirudisha jioni moja ya utoto wangu Shinyanga, kwenye uwanja uliokuwa ukinukia mafuta ya mbegu za pamba. Wachezaji walikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, baba akiwa kati yao, nywele zote nyeupe.

"Mama, baba kazeeka leo?" niliuliza, nikikaribia kulia.

"Ngoja apige kichwa," mama alisema, akicheka.

Kila baba aliporuka na kuupiga mpira kwa kichwa, vumbi la pamba lilitimka kichwani. Filimbi ya mwisho ilimkuta kijana tena, nami nikaamini mpira huondoa uzee.

Juzi, kabla hata ya shikamoo, mkono wangu ulishafika kichwani kwake, ukipangusa.

"Hiyo si pamba, mwanangu," alisema.